Picha Ikae Chini ya Kadi: Namna Ninavyotengeneza Kadi za Fremu za Kidijitali

Ukitaka kujua kama kadi ya fremu ya kidijitali, yaani ule ukingo mpana unaochorwa kwa kompyuta kuzunguka picha, imetengenezwa na mtu anayeijua kazi, usianze na rangi. Tazama kivuli. Kikiwa kimemwagikia nje ya picha, upande wa chini na wa kulia, juu ya kadi yenyewe, basi picha itaonekana kama kitu kinachoelea mbele ya kadi. Kikiwa ndani ya picha, kwenye kingo zake za juu na kushoto, picha inatulia chini na kadi inainuka kuizunguka. Programu nyingi za kuhariri picha zina kitufe cha kivuli cha nje, nacho ndicho watu hukibonyeza kwanza. Ndiyo maana mtandaoni kumejaa picha zinazoelea.

Kadi halisi, ile ya mafundi wa fremu, ni kadibodi ngumu iliyokatwa dirisha katikati. Picha hubandikwa nyuma yake, kisha kioo huwekwa mbele. Kazi yake ya kwanza haina uhusiano na urembo: hutenganisha kioo na karatasi ya picha, ili unyevu ukijikusanya kwenye kioo, picha isigandane nacho. Kazi ya pili ni ya jicho, yaani kuitenga picha na vurugu ya ukuta. Kwenye skrini hakuna kioo wala unyevu, kwa hiyo tumebaki na ile ya pili. Hata hivyo jicho limeshazoea mpangilio ule, kadi juu na picha chini, na ukiupindua linagutuka hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kwa nini.

Programu yoyote ya kuhariri picha yenye leya, yaani tabaka zinazopangwa moja juu ya nyingine, inatosha. Photoshop, GIMP, Affinity Photo, hata Photopea inayofunguka ndani ya kivinjari, zote zinaweza kazi hii. Mimi hupanga leya kama vitu vilivyo katika fremu ya kweli: picha chini kabisa, juu yake leya ya kadi iliyotobolewa dirisha, na juu zaidi mistari ya ukingo. Faida ya kutoboa kadi, badala ya kupanua turubai na kuizungushia picha rangi, ni kwamba baadaye unaweza kuitoa picha moja na kuingiza nyingine, na kadi ikabaki ilivyo. Pia kivuli cha kadi kitaangukia picha chenyewe, bila kulazimishwa, kwa sababu kilicho juu ndicho kinachotupa kivuli.

Kuhusu vipimo, kanuni yangu ni kwamba kadi isiwe nyembamba. Ukingo mwembamba unafanana na picha iliyokatwa vibaya. Tuchukue skrini ya 3840 kwa 2160, na picha ya mlalo yenye uwiano wa 3:2. Naifanya picha iwe 2280 kwa 1520. Pembeni zinabaki pikseli 780 kila upande, na kwa wima zinabaki 640 za kugawa. Sizigawi sawasawa: 300 juu, 340 chini. Mafundi wa fremu wamekuwa wakiongeza nafasi ya chini kwa muda mrefu, kwa sababu picha iliyowekwa katikati kabisa kwa rula huonekana kama imeteleza kidogo kwenda chini. Tofauti ikiwa ndogo haionekani, ila picha inakaa vizuri. Ikizidi sana, mtazamaji anadhani umesahau kuandika maelezo pale chini.

Picha za wima ndizo zinazosumbua kwenye skrini pana. Moja peke yake huacha jangwa pande zote mbili, na hapo ndipo kadi ya madirisha kadhaa inapolipa. Picha tatu za uwiano wa 2:3, kila moja 960 kwa 1440, zinachukua upana wa 2880. Kati ya dirisha na dirisha weka 120, na kila pembeni 360. Juu 340, chini 380. Nafasi za kati lazima ziwe finyu kuliko za nje, tena kwa kiasi kikubwa, la sivyo picha hazisomeki kama kundi moja. Usiweke pamoja picha ambazo mistari yake ya upeo imepishana kidogo tu. Zikilingana ni sawa, zikitofautiana sana ni sawa, lakini zikikosana kwa pikseli 30 jicho litakwenda hapo hapo na halitaondoka.

Sasa ukingo wa dirisha, ambao ndio roho ya kazi. Fundi anapokata kadi, kisu chake hulala kwa nyuzi 45, na hivyo ule moyo mweupe wa kadibodi huonekana kama mstari mwembamba kuzunguka picha. Mstari huo ni mteremko unaoshuka kuelekea kwenye picha, kwa hiyo pande zake nne hazipati mwanga sawa. Mwanga ukitoka juu kushoto, mteremko wa juu na wa kushoto unaupa mwanga kisogo, na ule wa chini na wa kulia unaupokea usoni. Wa juu na wa kushoto uwe mweusi kidogo, wa chini na wa kulia ung'ae. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu wamezoea vitufe vya kompyuta vilivyobenuka, ambavyo juu hung'aa na chini hufifia. Kitufe kimetokeza kuja kwako. Dirisha limezama.

Kwa skrini ya ukubwa ule niliotaja, mstari wa pikseli 8 hadi 12 unatosha. Kwa skrini ya 1920, gawanya kwa mbili. Ukiupa upande wa juu thamani ya 205 kwa kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), wa kushoto 215, wa kulia 240 na wa chini 248, tayari umepata kina bila kutumia ufundi mwingine wowote. Kwenye kona, pande mbili zikutane kwa mkato wa mshazari kama fremu ya mbao inavyoungwa. Ukiziacha zikutane kwa mkato wa mraba, uongo wote unafichuka pale pale kwenye kona.

Kivuli kinachoangukia picha kiwe chepesi. Kadi ya kawaida ya fremu ina unene wa milimita moja na kitu, na kitu chembamba hivyo hakitupi kivuli kirefu. Pikseli 6 za umbali, ulaini wa 15 hivi, na uzito wa asilimia 35 ndizo ninazoanzia, na mara nyingi naishia kupunguza. Kisha hakikisha mwanga ni mmoja kila mahali. Katika Photoshop, nyuzi 90 maana yake mwanga unatoka juu moja kwa moja, na 135 unatoka juu kushoto. Kuna pia kisanduku cha kufanya leya zote zitumie pembe moja, nacho kiache kimewashwa. Huwa naulizwa: kama ndani ya picha jua linatoka kulia, na kadi ipokee mwanga wa kulia? Jibu langu ni hapana. Kadi iko chumbani na mtazamaji. Jua la ndani ya picha haliihusu.

Rangi ndiyo inayoharibu kazi nyingi zilizobaki. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa akisimamia upakaji rangi nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins jijini Paris, alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyobadilishana sura. Malalamiko yaliyomfikia yalikuwa kwamba baadhi ya rangi zimefifia, ilhali rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichoiharibu ni nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake. Kadi ya fremu inafanya jambo hilo hilo kwa picha yako, na inalifanya pande zote nne. Kadi ya kijani kilichokolea inazisukuma sura za watu kuelekea wekundu. Kadi ya bluu kali inazipeleka kwenye rangi ya chungwa. Kadi nyeusi inaifanya picha ionekane imeng'aa kuliko ilivyo, na nyeupe inaitia giza. Kabla hujarudi kuirekebisha picha, badilisha kadi kwanza uone.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuchagua rangi kutoka ndani ya picha yenyewe. Naukubali nusu. Watu wakishika kile kidude cha kunyonyea rangi, wanakwenda moja kwa moja kwenye kitu kinachopiga kelele zaidi: gauni jekundu, ua la njano. Kisha kadi nzima inakuwa nyekundu, na lile gauni, lililokuwa kiini cha picha, linapotea kwa sababu limezungukwa na wekundu wa eneo kubwa kuliko lenyewe. Chukua rangi kutoka kwenye kivuli, ukuta wa nyuma au udongo, kisha punguza ukolezi wake hadi ikaribie kijivu. Kama lazima ile rangi kali ionekane, itumie kwenye kadi ya pili ya ndani, inayochungulia kwa pikseli 15 au 20 tu kati ya kadi kubwa na picha. Kadi hiyo nayo ipewe ukingo wake na kivuli chake: ya juu itupe kivuli kwa ya ndani, ya ndani itupe kwa picha.

Weupe nao una mtego wake. Kadibodi nyeupe ukutani huakisi mwanga wa chumba. Skrini nyeupe ni taa. Kadi yenye 255 kwa nyekundu, kijani na bluu inamulika macho, nayo picha iliyo katikati inaonekana imetiwa giza kupita kiasi. Kwa picha za rangi mimi hutumia kitu kama 238, 235, 228, weupe wenye joto kidogo. Kwa picha za nyeusi na nyeupe, angalia kwanza sehemu nyeupe kuliko zote ndani ya picha. Ikiwa ni 240, kadi ishuke chini yake, tuseme 225. Kadi ikiwa nyeupe kuliko mawingu, mawingu yanaonekana machafu.

Halafu ongeza chembechembe, yaani vidoa vidogo sana vilivyotawanyika. Eneo kubwa la rangi moja tupu halifanani na karatasi. Asilimia 1 hadi 2 ya chembechembe zisizo na rangi zinatosha, na kama kadi ina mwanga unaofifia taratibu kutoka kona moja, chembechembe hizo huzuia ile mistari mistari inayotokea rangi zinapopanda kwa ngazi. Picha za vitambaa na ngozi zinazouzwa kama kadi sizipendi. Zinadai kutazamwa.

Mpangilio wa kazi una uzito wake. Punguza picha kufikia ukubwa wa mwisho kwanza, inoe (yaani ongeza ukali wa kingo za vitu vilivyomo), ndipo uiwekee kadi. Ukiinoa baada ya kadi kuwekwa, ukingo unapata mwale mweupe na mweusi wa bandia. Ukipunguza ukubwa baadaye, tuseme hadi theluthi moja, mstari wako wa pikseli 8 unakuwa wa pikseli 2.7 na kuchujuka.

Kiolezo chenye dirisha tupu kihifadhi kama PNG, kwa sababu JPEG haina uwezo wa kubeba uwazi. Pale dirishani patajazwa rangi, kwa kawaida nyeupe. Kazi iliyokamilika inaweza kwenda JPEG, lakini uangalie kadi ya ndani yenye rangi kali. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na mara nyingi hupunguza taarifa za rangi zaidi kuliko za mwanga, kwa hiyo mstari mwembamba mwekundu juu ya weupe huchuruzika kingo. Pandisha ubora, au chagua uhifadhi usiopunguza rangi kama programu yako inao. Wasifu wa rangi uwe sRGB, ambao ndio skrini na vivinjari vingi huutarajia.

Kazi ikienda kuchapishwa, hesabu zinabadilika. Karatasi ya inchi 8 kwa 10 kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji 2400 kwa 3000, na mashine ya kukata inaweza kukosea kwa milimita moja au mbili, kwa hiyo kadi ya nje iwe pana vya kutosha kulificha kosa hilo. Ukingo wa mshazari na kivuli mimi huviondoa kabisa. Kwenye karatasi mtu anaweza kuigeuza picha mkononi, mwanga wa chumba ukahama na kivuli ulichochora kikabaki pale pale. Mstari mmoja mwembamba wa kijivu kuzunguka picha, na nafasi pana ya weupe, vinatosha.