Kwa nini kocha asiye na mastraika humwacha nyumbani mfungaji bora wa ligi?

Kikosi cha taifa kikitangazwa, kelele huwa ni zilezile. Mfungaji bora wa ligi hayumo. Ameitwa jamaa mrefu aliyefunga mabao manne msimu mzima, ameitwa beki wa kati wa tano, ameitwa na kiungo mkongwe ambaye klabuni kwake anaanzia benchi. Mashabiki wanashika vichwa: nchi haina mafowadi, sasa hata huyu mmoja anayejua goli lilipo anaachwaje?

Swali ni la haki. Ila ukikaa jukwaani ni rahisi kudhani kwamba timu isiyofunga inakosa mfungaji, wakati mara nyingi inachokosa ni njia ya kuufikisha mpira mahali pa kufungia. Kocha anayelijua hilo huanza kwa kujiuliza bao litazaliwa wapi: kwenye kona, kwenye mpira wa kurusha, kwenye makosa ya beki wa wapinzani, au kwenye mbio za winga mmoja mwenye kasi? Akishapata jibu ndipo anaanza kuandika majina, na majina hayo mara nyingi hayafanani na orodha ya wafungaji.

Klabu ikikosa straika huingia sokoni. Timu ya taifa haina soko. Upenyo pekee ni mchezaji mwenye asili ya nchi zaidi ya moja, na huyo naye kanuni zinambana: tangu 2020 FIFA humruhusu aliyekwisha kuichezea timu ya wakubwa ya nchi moja kuhamia nyingine iwapo, pamoja na masharti mengine, hakuichezea zaidi ya mara tatu, zote kabla ya kutimiza miaka 21. Kwa hiyo kizazi kikija bila namba tisa, yaani straika wa kati, ndiyo hivyo. Kocha atapika kwa alichonacho jikoni.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Katika soka la juu, takriban shuti moja kati ya kumi ndilo huingia wavuni. Tuseme mfungaji bora wetu anachezea klabu inayotawala mpira na kupiga mashuti 16 kila mechi, na yeye anapata manne. Baada ya mechi tano ana mabao mawili hivi, na anaimbwa kila mahali. Mvalishe jezi ya taifa, mpeleke ugenini kwa timu kubwa. Timu nzima inapiga mashuti sita, la kwake ni moja. Uhodari wake wa kumalizia haujapungua, ila hana cha kumalizia. Na kama kazi anayoijua ni kumalizia tu, dakika zote zilizobaki timu inacheza kama ina watu kumi.

Ndiyo maana yule jamaa mrefu mwenye mabao manne anaitwa. Beki akibutua mpira mbele kwa kubanwa, yeye anautuliza kifuani mabeki wawili wakiwa mgongoni, anaushika sekunde nne, wenzake wanapumua na kupanda. Anatafuta faulo katikati ya uwanja. Anawakimbiza mabeki wa kati wasipate nafasi ya kuanzisha mpira kwa raha. Kona ikipigwa langoni kwake, anarudi kuondosha kwa kichwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia kwenye jedwali la wafungaji.

Mfano uliochekwa sana ni wa Olivier Giroud. Katika Kombe la Dunia la 2018 alicheza mechi zote 7 za Ufaransa bila kupiga hata shuti moja lililolenga goli, na akarudi nyumbani na medali ya dhahabu. Ufaransa ile haikuwa na uhaba wa washambuliaji, Mbappé na Griezmann walikuwamo, na hapo ndipo penye somo: hata wenye navyo walimhitaji mtu wa kubeba mawe ili wengine wajenge. Miaka 20 kabla, mwaka 1998, Stéphane Guivarc'h alifika Kombe la Dunia akiwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa kwa mabao 21. Kwenye mashindano yale hakufunga hata moja, ingawa alianza mpaka fainali. Ufaransa ilifunga mabao 15, na manne kati yake yalitoka kwa mabeki: Lilian Thuram mawili, Laurent Blanc moja, Bixente Lizarazu moja. Yale mawili ya Thuram, yaliyoizamisha Croatia kwenye nusu fainali, ndiyo pekee aliyowahi kuifungia nchi yake katika mechi 142.

Lakini ukitaka kuona uteuzi wa namna hii umefika mwisho wake, nenda Ugiriki ya 2004. Hii ndiyo timu ninayoirudia kila mtu akiniambia kwamba bila straika wa maana hakuna kombe. Ilifuzu Euro kwa mabao 8 tu katika mechi 8. Kule Ureno ikafunga 7 katika mechi 6, ikabeba kombe. Kocha wake, Mjerumani Otto Rehhagel, aliitoa Ufaransa 1-0 robo fainali, Jamhuri ya Czech 1-0 nusu fainali, kisha wenyeji Ureno 1-0 fainali. Mabao yote matatu yalikuwa ya vichwa. La Ufaransa lilitokana na krosi ya Theodoros Zagorakis kutoka kulia, mengine mawili yalitokana na kona. Angelos Charisteas, aliyefunga dhidi ya Ufaransa na tena kwenye fainali, msimu ule klabuni kwake Werder Bremen alikuwa zaidi mtu wa benchi.

Tazama hasa lile bao la nusu fainali. Mechi imefika muda wa nyongeza bila bao. Rehhagel anamwingiza Vassilis Tsiartas, kiungo wa miaka 31, si mtu wa kukimbiza mtu tena, ila mguu wake wa kushoto unaweka mpira panapotakiwa. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza cha nyongeza Tsiartas anapiga kona, beki Traianos Dellas anaweka kichwa, na kwa kanuni ya bao la fedha iliyokuwapo wakati ule (anayeongoza kipindi cha kwanza cha nyongeza kikiisha ameshinda) mechi inaishia hapo. Ukimuuliza shabiki kabla ya mashindano kwa nini yule mzee yumo kikosini, angekwambia ni upendeleo.

Basi huyo ndiye kiungo mkongwe tuliyemkuta pale juu. Timu inayopata nafasi tatu za kweli kwa mechi haiwezi kuzichezea kona zake tano kwa kubahatisha, kwa hiyo mpigaji mzuri wa kona na mipira ya adhabu anapewa nafasi kikosini kama vile kipa anavyopewa. Akishapatikana, mabeki nao wanachaguliwa kwa macho mawili. Kati ya beki wawili wanaokaba sawasawa, anayejua kuruka kwenye boksi la wapinzani ndiye anayepanda ndege. England mwaka 2018 ilifunga mabao 12 kwenye Kombe la Dunia, na 9 kati ya hayo yalitokana na mipira iliyokufa, yaani inayoanzishwa baada ya mchezo kusimama kama kona na faulo, penalti zikiwamo. Ilipotolewa nusu fainali England, huko upande wa pili Ufaransa ilishakata tiketi ya fainali kwa kichwa cha beki, Samuel Umtiti, kutoka kwenye kona.

Hata mikono inahesabika. Iceland, nchi yenye watu kama 330,000 wakati ule, iliitoa England 2-1 kwenye Euro 2016, na bao lake la kusawazisha lilianzia kwenye mpira mrefu wa kurusha wa nahodha Aron Gunnarsson. Iceland inanipa pia jambo jingine ambalo wapenzi wa "aingizwe huyu, aingizwe yule" hawalipendi. Ilianza na wachezaji walewale 11 katika mechi zake zote tano. Kocha wa taifa hukaa na vijana wake siku chache mno kwa mwaka. Mshambuliaji wa kipaji cha kawaida anayejua mwenzake atakimbilia wapi bila kuangalia ana faida kuliko bora zaidi yake aliyejiunga na kambi jumatatu. Ndiyo maana makocha wengi huita winga na beki wa pembeni wa klabu moja kwa pamoja, hata kama mmoja wao peke yake asingeitwa.

Halafu kuna njia ya asiye na mwana aeleke jiwe: mtoe mtu kwenye namba yake umsogeze mbele. Emilio Nsue alikuwa amecheza miaka mingi ya klabu kama beki wa kulia. Kwenye AFCON iliyochezwa mapema 2024, akiwa na miaka 34 na klabu yake ikiwa daraja la tatu Hispania, Guinea ya Ikweta ilimpanga kama mshambuliaji. Alifunga matatu dhidi ya Guinea-Bissau, mawili dhidi ya wenyeji Ivory Coast katika kipigo cha 4-0, akaondoka na tuzo ya mfungaji bora kwa mabao 5. Penalti aliyoikosa dhidi ya Guinea kwenye hatua ya 16 bora ndiyo iliyowagharimu, na baadaye mwaka huohuo FIFA ikaja kuhoji uhalali wake wa kuichezea nchi hiyo, lakini hilo halifuti kilichoonekana uwanjani. Beki wa pembeni ana mapafu, ana krosi, amezoea kukimbia na kurudi. Ukimweka mbele hashangai kuambiwa akabe.

Hapa lakini kuna mtego, na makocha wengi wameingia. Ukishaamini kwamba mabao ni machache, kishawishi ni kujaza wakabaji, kupaki basi na kuomba Mungu. Morocco ya 2022 hutajwa kama ushahidi: mpaka inafika nusu fainali ya Kombe la Dunia ilikuwa imefungwa bao moja tu, tena la kujifunga dhidi ya Canada. Ila watu husahau kwamba kocha wake, Walid Regragui, alikuwa na winga Hakim Ziyech, alikuwa na Sofiane Boufal wa kuutoa mpira kwenye msongamano, na alikuwa na Youssef En-Nesyri aliyeruka juu ya kipa wa Ureno. Mabeki walikuwa wengi, lakini kila aliyewekwa mbele alikuwa na kazi inayoeleweka.

Linganisha na Uswisi ya 2006. Iliondoka kwenye Kombe la Dunia bila kuruhusu bao hata moja katika mechi nne. Ilitoka 0-0 na Ukraine kwenye hatua ya 16 bora, zikaja penalti, ikapiga tatu na zote zikakosa. Ukuta ulisimama mpaka mwisho, na bado walipanda ndege kurudi nyumbani.

Kwa maoni yangu, ubora wa kocha mwenye uhaba huu unaonekana kwenye viti vya mwisho vya kikosi kuliko kwenye 11 wa kwanza. Kombe la Dunia liliruhusu wachezaji 23 mpaka 2018, 26 mwaka 2022, na mabadiliko katika mechi sasa ni matano. Mpango mzima wa kukaba na kusubiri kona unasimama juu ya sharti moja: usitangulie kufungwa. Ukifungwa dakika ya 15, unahitaji mtu wa kubadilisha mchezo, na huyo lazima awe amepanda ndege na wewe. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubaliana na wanaopiga kelele kuhusu mfungaji bora wa ligi. Haanzi, maana kwa saa nzima hatakuwa na kazi. Ila dakika ya 70, wapinzani wamechoka, mmeshapeleka watu wengi mbele na mpira unazagaa ndani ya 18, yaani boksi la penalti, hapo ndipo uwanja unafanana na ule alioufungia msimu mzima. Kocha anayemwacha nyumbani kabisa ili abebe beki wa kati wa sita ambaye hatavua hata traksuti, huyo hata mimi nitamzomea.

Na kabla ya kufunga orodha, kuna daftari la wapiga penalti, ambao si lazima wawe washambuliaji. Zambia ilipoikabili Ivory Coast ya Didier Drogba kwenye fainali ya AFCON ya 2012 mjini Libreville, mechi iliisha 0-0 na Zambia ikashinda 8-7 kwa penalti. Kipa Kennedy Mweene alifunga ya kwake. Ile ya mwisho, iliyoleta kombe, aliipiga beki wa kati, Stoppila Sunzu.