Akaunti ya benki ya kampuni ndogo: yanayosemwa Dodoma na jinsi mambo yalivyo

Wenye kampuni ndogo wengi huchagua benki kwa sababu tawi liko jirani na duka, au shemeji anafanya kazi pale, au tangazo limesema "bila makato". Sababu hizo hazigusi swali lenyewe: fedha ya kampuni inaingia kwa njia gani na inatoka kwa njia gani? Mnunuzi wa mahindi wa Kibaigwa anahitaji keshi nyingi asubuhi ya siku ya mnada. Muuza vifaa vya ofisi anasubiri malipo ya wizara iliyoko Mtumba, yanayoingia mara moja kwa miezi miwili. Mitaji yao ikilingana mpaka senti ya mwisho, bado akaunti inayomfaa mmoja itamtesa mwingine.

"Kampuni ni yangu peke yangu, akaunti yangu binafsi inatosha"

Dhana hii ndiyo inayoumiza watu zaidi. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni mtu anayejitegemea kisheria, tofauti na wewe, hata kama hisa zote ni zako. Jina la biashara haliko hivyo: cheti cha jina la biashara hakizai mtu mpya, wewe na biashara mnabaki kitu kimoja. Wengi huchanganya vyeti hivi viwili, kisha wanashangaa benki inapowapa fomu tofauti.

Fedha ya kampuni ikilala kwenye akaunti binafsi na mwenye akaunti akafariki, inaingia kwenye mirathi yake. Benki itasubiri msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na wakati huo mishahara haijalipwa na mwenye godown anadai pango. Ikiwa kwenye akaunti ya kampuni, fedha inabaki mali ya kampuni. Kinachorithiwa ni hisa.

Wapo wanaopitisha mauzo kwenye akaunti binafsi ili TRA wasione. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna uwezo wa kudai taarifa kutoka benki, na akaunti binafsi haijasamehewa. Ikifunguliwa, kila kilichoingia kitadaiwa maelezo: malipo ya mteja, ada aliyotuma kaka, mchango wa harusi. Usipokuwa na karatasi ya kutenganisha, mchango wa harusi unaweza kuhesabiwa kuwa mauzo.

Kwa anayeuza serikalini hakuna njia ya mkato. Zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, mkataba uko kwa jina la kampuni, ankara na risiti ya EFD vilevile. Jina la akaunti lilingane na cheti cha usajili herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Company Limited" na akaunti ikasema "Co. Ltd", rekebisha kabla hujatuma ankara ya kwanza, kwa maana tofauti ndogo kama hiyo inatosha kukwamisha malipo.

"Benki imenikata pesa ya wizara"

Mara nyingi benki haihusiki. Taasisi ya serikali inayonunua bidhaa huzuia kodi ya asilimia 2, na kwa huduma asilimia 5. Kampuni ambayo haijasajiliwa VAT ikiuza samani za shilingi 12,000,000, itaona 11,760,000 kwenye akaunti. Zile 240,000 hazijapotea: omba cheti cha kodi ya zuio, utakitumia kupunguza kodi ya mapato ya mwaka. Usipokiomba mapema, utakuja kukitafuta wakati mhasibu aliyekulipa amehamishiwa kituo kingine.

"Akaunti isiyo na makato ya mwezi ndiyo nafuu"

Piga hesabu kwa miamala yako. Tuchukue viwango vya mfano tu: benki ya kwanza haitozi ada ya mwezi, lakini kila malipo ya kwenda benki nyingine ni 10,000. Ya pili inatoza 15,000 kwa mwezi na 4,000 kwa kila malipo. Anayelipa wauzaji wawili kwa mwezi atatumia 20,000 kwa ya kwanza na 23,000 kwa ya pili. Anayelipa wanane atatumia 80,000 kwa ile "ya bure", na 47,000 kwa ile yenye ada. Mpaka uko kati ya malipo mawili na matatu kwa mwezi.

Kabla ya kusaini, omba karatasi ya viwango vya tozo na uulize haya: kuweka keshi dirishani kunatozwa kuanzia kiasi gani? Kutoa keshi je? Kitabu cha hundi, taarifa ya akaunti yenye mhuri, malipo ya benki kwa benki kupitia mfumo wa TISS, mishahara ya pamoja, mashine ya kadi? Kisha uliza kama viwango hivyo vimeshajumuisha VAT na ushuru wa bidhaa, maana karatasi nyingine huandika bei kabla ya kodi.

Kwa mnunuzi wa mazao, cha kuangalia kwanza ni keshi. Wakala na ATM vina ukomo wa kutoa, na ukomo huo haufiki hata nusu ya lori la mahindi. Uliza tawi lenyewe linaweza kutoa kiasi gani kwa siku, na utoe taarifa siku moja kabla. Tawi dogo la wilayani halikai na keshi ya kukusubiri.

"Nikiwa na TIN na leseni, nafungua leo leo"

Benki itataka zaidi: cheti cha usajili, katiba ya kampuni, TIN ya kampuni (TIN yako binafsi haihesabiwi hapa), leseni ya biashara, vitambulisho vya NIDA vya wakurugenzi na watia saini, picha za pasipoti, taarifa za wamiliki manufaa (watu halisi wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni), na azimio la bodi. Nyingi pia hutaka taarifa ya karibuni ya BRELA inayoonyesha wakurugenzi wa sasa.

Panapokwama mara nyingi ni kwenye azimio. Azimio linatakiwa litaje jina la benki na tawi, aina ya akaunti na sarafu, majina ya watia saini kama yalivyo NIDA, na namna watakavyosaini. Lililoandikwa "bodi imekubali kufungua akaunti" litarudishwa. Tatizo la pili ni mkurugenzi aliyeuza hisa zake na kuondoka, lakini BRELA bado anasomeka. Anza na mabadiliko BRELA, ndipo uende benki. Ukigeuza mpangilio utapanga foleni mara mbili.

"Mtia saini mmoja anarahisisha kazi"

Anarahisisha mpaka siku anapolazwa Benjamin Mkapa, au anaposafiri simu ikiwa imezimwa. Kampuni ya watu wawili au watatu ifikirie kuandikisha watia saini watatu, wawili wowote kwa pamoja. Kwenye huduma ya intaneti, mmoja aandae malipo na mwingine aidhinishe, kila mtu na nywila yake. Karani akishika simu ya mkurugenzi na namba yake ya siri, mmebaki na mtia saini mmoja, na pengine siye mliyemkusudia.

"Lipa namba inatosha, benki ya nini?"

Kwa kinywaji na chipsi, huenda. Lakini mkopo, zabuni na hesabu za mwaka vinataka taarifa ya akaunti. Omba lipa namba iliyoandikishwa kwa jina la kampuni na kuunganishwa na akaunti ya kampuni.

"Pesa iliyo benki ina bima yote"

Bodi ya Bima ya Amana hulipa mpaka shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Kabla ya 2023 kiwango kilikuwa 1,500,000. Zaidi ya hapo unasubiri ufilisi ukamilike. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, kwa hiyo jambo hili limeshatokea nchini. Kampuni inayokaa na salio la milioni 60 ina sababu ya kuwa na akaunti katika benki mbili.

"Nikifungua hapa, mkopo utatoka"

Anachosoma afisa mikopo ni mzunguko wa miezi sita au kumi na miwili. Mauzo yapitishe yote kwenye akaunti, hata yale unayoyatoa kesho yake. Ukiweka milioni 30 wiki moja kabla ya kuomba na kuzitoa wiki inayofuata, ataona.

Ukiamua kuhama, usifunge akaunti ya zamani mara moja. Badilisha kwanza namba kwenye NeST, kwenye ankara, kwenye mikataba inayoendelea na kwenye lipa namba, kisha iache wazi mpaka ankara ya mwisho yenye namba ya zamani ilipwe.