Mpira unaanza, tule nini? Maswali na majibu kwa watu wa maskani

Kwani kula huku naangalia mpira kuna tatizo gani? Si chakula kile kile?

Chakula ni kile kile ila macho yapo kwenye tivii na mkono unakwenda wenyewe. Mtu anaekula huku anaangalia kitu huwa anakula zaidi kuliko aliekaa kula tu, na hata baadae anakula tena mana akili haikukamata hesabu ya mwanzo. Halafu tumbo linachukua kama dakika 20 hivi kuupa ubongo habari kuwa limeshiba, na mapumziko ni dakika 15. Yaani umetoka mbio kwa muuza urojo, umemaliza bakuli na katlesi 2 juu, shibe inakuja kipindi cha pili kishaanza na wewe ushaagiza na soda.

Mechi za Ulaya zinaanza saa 4 au saa 5 usiku, nile kabla au nisubiri iishe?

Kabla, tafadhalini sana. Kula chakula chako cha usiku baada ya Magharibi au Isha, chakula hasa, wali au ugali wa kiasi, samaki, maharage, mchicha uwe mwingi. Ukifika maskani ushashiba harufu ya mishkaki haikusumbui. Ukisubiri mpaka mechi iishe inakaribia saa 6 au saa 7 usiku, utakula kwa pupa na kulala hapo hapo, na kiungulia ndo kinapoanzia.

Sasa urojo tuache?

Hapana, nani atawaambia watu wa Unguja waache urojo! Ila angalia kilichomo, rojo lenyewe la unga, mbatata, bajia, kachori, chipsi za muhogo, yaani wanga juu ya wanga na vingi vishapita kwenye mafuta. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4, kwahiyo ni ule ukaangaji unaopandisha mambo. Mwambie muuzaji akutilie mbatata za kuchemsha, yai, mshkaki na bajia moja, chipsi za muhogo apunguze. Wengi wanakubali ukiomba vizuri.

Kama unataka kitu cha kutafuna dakika zote 90 basi machungwa mimi ndo nayapenda zaidi kwa kazi hii, kwasababu kumenya kunaushughulisha mkono na huwezi kula 6 bila kujijua. Matango pia, muhogo wa kuchoma, mahindi ya kuchoma, bisi za nyumbani zisizojaa mafuta, njugu zisizotiwa chumvi kiganja kimoja. Chumvi isimamieni jamani, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa na ile ya mchuzi wa mchana.

Na vinywaji?

Maji au dafu. Soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 7 au 8 vya chai, na juisi ya ukwaju au bungo ikitiwa sukari nyingi haina tofauti kubwa. Zile enaji ndo ziacheni kabisa usiku, kafeini yake baada ya masaa 5 hivi tangu unywe karibu nusu bado imo mwilini, unafika wakati wa sala ya Alfajiri hujalala.

Baba yangu ana presha na hakosi mechi. Nimkataze?

Usimkataze, ila dawa zake anywe kwa wakati wake na asikae na njugu za chumvi mbele. Si maneno tu haya, Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa Munich waliona siku timu yao ikicheza dharura za moyo zinapanda zaidi ya mara 2. Akilalamika kifua kinambana au hapumui vizuri mpelekeni hospitali hapo hapo, msingoje filimbi ya mwisho.

Mama ana sukari, anachoma insulini, na siku za mechi anasahau kula.

Hili ndo naliogopa kuliko yote. Sukari ikishuka mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, na watu wanasema ni presha ya mpira. Mpimeni kama kipimo kipo, kama hakipo msisubiri, mpeni vijiko 3 au 4 vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida nusu gilasi, baada ya dakika 15 kama hajakaa sawa rudieni, akishatulia ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu msimtie kitu chochote mdomoni, mlazeni kwa ubavu na itafutwe gari ya kumpeleka hospitali.