Vidonge vya luteini: vinachofanya na visichofanya

"Ukivinywa, miwani utaitupa."

Hutaitupa. Asiyeona vizuri mbali mara nyingi ana jicho lililo refu kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Aliyepita miaka 40 anaisogeza simu mbali na uso kwa sababu lenzi ya ndani ya jicho imekakamaa. Luteini ni rangi ya manjano inayopatikana kwenye mimea. Haifupishi jicho wala hailainishi lenzi. Muuzaji anayeahidi hivyo ama hajui anachouza, ama anajua.

"Vinayeyusha mtoto wa jicho na kushusha presha ya macho."

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, na tiba yake ni upasuaji: lenzi iliyoharibika inatolewa, ya bandia inawekwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao AREDS2 uliliangalia hilo pia, na kwa jumla waliomeza luteini hawakupungua kwenye foleni ya upasuaji.

Mwenye mtoto wa jicho akichelewa, mara nyingi daktari bado ana la kumfanyia. Mwenye presha ya macho hana bahati hiyo. Ugonjwa huu huua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, bila maumivu, kwa kawaida ukianza kula uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi. Akiacha matone aliyoandikiwa hospitali kwa sababu amenunua chupa ya vidonge, ugonjwa unaendelea na kazi yake.

"Basi ni utapeli mtupu."

Nalo si kweli, ingawa naelewa linakotoka. Katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna sehemu ndogo iitwayo makula, ndiyo tunayotumia kusoma na kutambua sura za watu. Luteini na mwenzake zeazanthini hujikusanya hapo na kunyonya sehemu ya mwanga wa buluu. Mwili hauwezi kuzitengeneza; huzipata kwa kula.

Uzeeni makula za baadhi ya watu huchakaa. Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani walionyesha kwamba vitamini C, vitamini E, beta-karotini, zinki na shaba, zikichanganywa kwa vipimo vikubwa, hupunguza kwa takriban asilimia 25 hatari ya ugonjwa huo kufikia hatua mbaya ndani ya miaka 5. Waliofaidika ni wale waliokwisha kufika hatua ya kati, au ambao jicho moja lilikuwa limeshaharibika vibaya.

Kisha ikaja AREDS2, iliyotoa matokeo yake mwaka 2013: watu zaidi ya 4,000 wa miaka 50 hadi 85, luteini miligramu 10 na zeazanthini miligramu 2 kwa siku. Kuziongeza juu ya mchanganyiko wa zamani hakukuleta nafuu ya ziada iliyo wazi. Jambo hili huwezi kulisoma kwenye chupa. Ila luteini ilionekana kufaa kushika nafasi ya beta-karotini, na hilo si dogo: tangu 1994, utafiti wa Finland kwa wanaume zaidi ya 29,000 wavutaji sigara ulikuwa umeonyesha kwamba beta-karotini huongeza saratani ya mapafu. Mvutaji, hata aliyekwisha kuacha, asome lebo kabla ya kulipa.

Kwa mwenye makula nzima, hakuna ushahidi kwamba vidonge hivi vitamkinga. Pia kilichothibitika ni mchanganyiko mzima. Chupa ya luteini peke yake ni kitu kingine.

"Ni vitamini A hiyohiyo."

Hapana. Mwili haubadilishi luteini kuwa vitamini A. Mtoto asiyeona gizani kwa upungufu wa vitamini A hapati msaada hapa, na matone anayopewa kliniki hayana mbadala kwenye chupa hii.

"Anayeshinda kwenye kompyuta lazima anywe."

Macho huwaka na kukauka mbele ya skrini hasa kwa sababu tunasahau kupepesa. Pumzisha macho, tazama mbali. Ni bure.

"Luteini ya kweli iko dukani."

Kikombe kimoja cha spinachi iliyopikwa kina takriban miligramu 20 za luteini na zeazanthini kwa pamoja, yaani nusu kikombe kinakaribia kipimo cha AREDS2. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki nazo zinayo, na kiini cha yai kina kiasi kidogo ambacho mwili hukinyonya vizuri. Rangi hii huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kisamvu cha nazi kina faida kuliko majani yaliyochemshwa kwa maji matupu. Ila anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asijipakulie mboga za majani ghafla kuliko alivyozoea, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Aongee kwanza na anayemwandikia.