Mkutano wa bayoteknolojia ukija Tanga: tunayodhani na yaliyo kweli

Mji ukitajwa tu kuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa viwanda vya bayoteknolojia, yaani kutumia viumbe hai kutengeneza bidhaa, sote tunaanza kupiga hesabu ya vyumba vya hoteli, bodaboda na mama lishe. Dhana kwamba faida ni matumizi ya wageni ndiyo inayotupotezea mengi zaidi.

Fedha hizo zipo, ila ni za siku chache. Waja leo, waondoka leo. Hoteli ikinunua samaki wa soko la Deep Sea na machungwa ya Muheza, shilingi inazunguka Tanga. Ikiagiza kila kitu Dar es Salaam, shilingi inaondoka. Tena vyumba vikijaa wajumbe, mgeni wa kawaida huahirisha safari, na pengo lake ni nadra kutolewa kwenye jumla inayotangazwa.

Mwaka 2007 mkutano wa kimataifa wa BIO, chama cha kampuni za bayoteknolojia cha Marekani, ulikusanya watu zaidi ya 20,000 Boston, Marekani. Deval Patrick, gavana wa Massachusetts, alitumia jukwaa lile kutangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa miaka 10 wa kukuza sayansi ya viumbe hai; mwaka 2008 ukawa sheria. Mpango huo una uzito kuliko bili zote za hoteli. Lakini vyuo, hospitali na maabara za Boston zilikuwepo kabla. Mkutano uliwakuta watu wana kazi mkononi.

Ndipo inapokuja dhana inayoniuma: kwamba Tanga hatuna cha kuonyesha. Mkonge chotara 11648, unaolimwa hadi China, ulizalishwa na watafiti mkoani humuhumu. Jani bichi la mkonge hutoa nyuzi asilimia 4 hivi tu ya uzito wake. Mengine ni maji na makapi yanayotoka kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na jani. Pale Hale, mkoani humuhumu, makapi hayo yameshawahi kugeuzwa gesi ya kuzalisha umeme, kazi inayofanywa na bakteria. Hiyo ni bayoteknolojia, na malighafi yake ni kitu ambacho mashamba mengi yanamwaga.

Kwa hiyo wanaodhani neno hili maana yake ni mbegu zilizobadilishwa vinasaba na basi, wanakosea. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, nayo ni bayoteknolojia, na ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo pia. Wala ajira zake si za madaktari peke yao: jaribio la namna hiyo huhitaji wauguzi, madereva, wataalamu wa maabara, watunza kumbukumbu na watu wa kwenda nyumba kwa nyumba.

Wengine husema wakulima hawana la kufanya kwenye vikao vya wataalamu. Nawaomba wawafikirie akina mama wa mwani wa pwani yetu. Wanauza mwani mkavu. Utomvu wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu unakamuliwa ng'ambo, na thamani inabaki hukohuko. Kotonii, aina yenye bei nzuri, hufa bahari ikipata joto. Mbegu inayostahimili joto na kiwanda cha kukamua ni mambo ya kujadiliwa mkutanoni, na wanaojua maji yapi yanaua mwani, mwezi gani, ni wao. Wapewe viti ukumbini na meza ya kuzungumza na wanunuzi, pamoja na vyama vya wakulima wa mkonge, kabla orodha ya wajumbe haijafungwa.