Kipimo kinasema sifuri, mawe yameota ndevu

Wafugaji wa matumbawe kwenye matangi hapa Mombasa hunijia na lalamiko moja: "Fundi, nimepima fosfeti nimepata sifuri, mbona mwani unazidi?"

Unazidi kwa sababu unaila hiyo fosfeti. Kipimo huonyesha kilichobaki majini, hakionyeshi kilichoingia. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vikitoa fosfeti na nitreti, virutubisho vya mwani, ule mwani wa nyuzi za kijani huzinyonya papo hapo. Namba ndogo pamoja na mawe yenye ndevu maana yake mwani umeshiba.

Kwanza jua unapambana na nani. Vumbi la kahawia juu ya mchanga wa tangi jipya ni diatomu, viumbe vidogo mno vinavyotumia silikati, madini yaliyomo majini. Liache, silikati ikiisha litaondoka lenyewe. Utando mwekundu unaonyofoka kwa mapande ni bakteria wanaotumia mwanga, wala si mwani: wavute kwa mpira wa maji na uongeze mkondo wa maji. Nyuzi zenye umbo la unyoya ni Bryopsis, sugu kweli, na wengi huimaliza kwa flukonazoli, dawa ya fangasi ya binadamu. Zilizobaki nyingi ni nyuzi za kawaida, na hizo chanzo chake mara nyingi ni ndoo.

Maji ya tangi yakipungua kwa mvuke, chumvi haiondoki, kwa hiyo tunajazia maji matamu. Sasa mtu anachota ya kisima. Visima vingi vya mjini vina vyoo vya shimo jirani, na nitreti haina rangi wala harufu. Kila ndoo inaongeza, mvuke hauondoi kitu. Tumia mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando laini, yenye kichujio cha resini mwishoni; kipimo cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Maji ya RO ya dukani yapime kwanza, kwani baadhi ya wauzaji huyarudishia madini ili yapate ladha. Ukitumia maji ya bahari, yachote wakati wa bamvua yakiwa yamejaa, mbali na mito na mitaro, na usithubutu baada ya mvua za masika.

Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, kichuje, mwaga ule mchuzi.

Kisha ng'oa kwa mkono. Toa jiwe, liweke kwenye beseni la maji uliyoyatoa tangini wakati wa kuyabadilisha, vuta nyuzi kwa vidole hadi kwenye shina, malizia kwa mswaki wa meno, suuza, rudisha. Ukisugua ndani ya tangi vipande vinasambaa na kuota kwingine. Ng'oa kabla ya kununua konokono: Trochus na samaki kama kangaja hupenda machipukizi mafupi, nyuzi ndefu huzipita tu. Kangaja naye usimtie kwenye tangi dogo, atateseka bure.

Hata ukifanya yote hayo, usitarajie mawe meupe mwezi huu. Jiwe lililofyonza fosfeti kwa muda mrefu huitoa taratibu, na mwani utaendelea kuchipua hapo hapo. Hapa ndipo watu hukosa subira, wakamwaga mfuko mzima wa chembechembe za oksidi ya chuma, ambazo hufyonza fosfeti. Fosfeti ikiporomoka ghafla matumbawe hupauka, mengine hubambuka ngozi. Anza na kidogo, pima, ongeza. Mimi hulenga fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 na nitreti ya 5 hadi 10, kwa miligramu kwa lita.

Sifuri yenyewe ni hatari. Mwani ukishakufa na virutubisho vikaisha, nafasi huchukuliwa na dinoflajelati, viumbe vidogo vya chembe moja: ute wa kahawia wenye mapovu unaopungua usiku na kurudi taa zikiwaka. Baadhi yao wana sumu, na konokono ndio huanza kufa. Ukiuona, tiba hugeuka kabisa: toa oksidi ya chuma, acha kubadilisha maji kwa muda, ongeza chakula mpaka vipimo vyote viwili vipande.