Aliye rumande si mfungwa: tunayoyaamini Mombasa kuhusu polisi, korti na jela

Matatu ya Mtwapa ikishaipita Shanzu, karibu na daraja, lazima ishushe kina mama. Wamejitanda leso au wamevaa buibui, mkononi wana mfuko wa sabuni na dawa ya meno, na hawana maneno mengi. Abiria hunong'ona, "Maskini, ana mtoto Shimo, amefungwa." Shimo ni jela ya Shimo la Tewa. Nami nilikuwa nikinong'ona hivyo kabla sijaanza kujitolea kama msaidizi wa kisheria huku Kisauni. Wengi niliowasindikiza tangu hapo hawana mtoto aliyefungwa. Wana mtoto ambaye kesi yake haijasikizwa hata shahidi mmoja, na yuko ndani kwa kuwa nyumbani hapakupatikana pesa za dhamana wala hati ya kiwanja.

Maneno ninayoyajibu hapa nayasikia kila wiki barazani. Nayajibu kwa sababu nimeona watu wakilala ndani siku nyingi kwa kuyaamini.

"Amepelekwa Shimo, basi ana hatia"

Ndani ya ukuta wa Shimo la Tewa mna watu wa aina mbili. Wapo wafungwa, waliokwisha kuhukumiwa. Wapo na mahabusu, wale wa rumande, ambao Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema hawana hatia mpaka ithibitishwe. Askari jela ni wale wale na lango ni lile lile, lakini mbele ya sheria hawa ni watu mbalimbali kabisa.

Mtaani tofauti hiyo haipo. Namjua kijana aliyekaa rumande miezi minane, kesi ikaondolewa kwa kukosa mashahidi. Alirudi akakuta chumba chake kina mpangaji mwingine na tuktuk aliyokuwa akiendesha ina dereva mwingine. Hakuna aliyemuuliza kesi iliishaje. Mpaka leo wanamwita "mtu wa Shimo".

Na hata mahabusu akija kupatikana na hatia, muda aliokaa haupotei hewani. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 333(2), inamtaka hakimu auzingatie anapotoa kifungo. Hakimu akipitiwa, akumbushwe palepale kortini.

"Kosa lake halina dhamana"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Ina asili yake: chini ya Katiba ya zamani, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, uhaini au wizi wa mabavu hakupewa dhamana. Wazee waliyaona hayo kwa macho yao, wakatupokeza. Lakini tangu Katiba mpya ya Agosti 2010 mambo ni mengine. Kifungu cha 49 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawepo sababu nzito ya kumzuia: kwa mfano, kuna ushahidi kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi. Kosa lenyewe kuwa kubwa halitoshi. Hata wa mauaji anaweza kuomba, na wako waliopewa.

Kifungu hicho hicho kina sehemu ya pili ambayo natamani ibandikwe kila kituo cha tuktuk. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hapelekwi rumande kwa ajili yake. Mchuuzi aliyekamatwa kwa kosa la namna hiyo hafai kulala Shimo akingoja kesi. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliozinduliwa na idara ya mahakama na wenzake Januari 2017 ulieleza wazi kwamba makosa madogo madogo ndiyo yanayoujaza mfumo huu, na kwamba mzigo unawaangukia maskini.

Halafu kuna pesa zenyewe. Watu wengi wanadhani dhamana ni bei ya kumnunua mtu wao. Mama mmoja wa chama chetu alichangiwa elfu ishirini, akazilipa kortini, mwanawe akatoka, kesi ikaisha. Mwaka mzima ukapita. Nilipomuuliza kama alizirudisha za chama, alinishangaa. "Mwanangu, si ndizo tulizomtolea?" Nikamwambia, mama, zile hazikuwa faini wala ada. Ziliwekwa kama amana ya kuhakikisha kijana atahudhuria kesi. Akihudhuria mpaka mwisho, zinarudi kwa aliyezilipa, awe mshtakiwa ameshinda au ameshindwa. Risiti alikuwa nayo, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Tulikwenda naye kwa karani mara tatu, na pesa zikatoka.

Si lazima iwe pesa taslimu. Mahakama inaweza kupokea mdhamini mwenye hati ya ardhi, kadi ya gari au hati ya mshahara, na inaweza kumwachilia mtu kwa ahadi yake mwenyewe ya maandishi. Masharti yakiwa mazito, mshtakiwa ana haki ya kuomba yapunguzwe. Huomba wachache sana. Wengi husikia "laki mbili", wakainamisha kichwa, wakaingia kwenye gari la jela.

Upande wa pili wa dhana hii ndio unaoua. Mtu amekamatwa kwa kuiba simu Kongowea, kesho yake anaonekana sokoni, na soko zima linasema polisi wamehongwa. Hongo ipo, sitadanganya. Lakini mara nyingi yule mtu yuko nje kwa dhamana na kesi yake ina tarehe. Watu wasiolijua hilo ndio wanaosema, safari nyingine tukimshika tunammaliza wenyewe. Nimeona tairi likiletwa la kumchomea mtu. Mlalamishi akitaka kujua kesi imefika wapi, ana nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo cha polisi, na kortini ana nambari ya kesi. Aulize.

"Ukikamatwa Ijumaa hutoki mpaka Jumatatu"

Nusu yake ni kweli. Polisi wanatakiwa wakufikishe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, mwisho wake unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo Jumatatu inawezekana. Ambalo hatuambiwi ni kwamba polisi wenyewe wanaweza kumpa mtu dhamana kituoni, Jumamosi au Jumapili. Kuomba si utovu wa adabu. Ulizia mkuu wa kituo, eleza makao yako na mtu wa kukudhamini.

Dhamana ya maandishi haina malipo. Ukitakiwa kuweka pesa taslimu, dai risiti hapo hapo. Isipotolewa risiti, ujue pesa hiyo si dhamana. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, nayo ni ya bure, na mwanamke aliyepigwa asirudishwe nyumbani kwa kukosa mia tano.

"Serikali yenyewe imesema uhalifu umezidi"

Kila mwaka Shirika la Takwimu la Kitaifa hutoa ripoti ya uchumi, na ndani yake mna idadi ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi nchi nzima. Mwaka 2019 yalikuwa 93,411. Mwaka 2020 yakashuka hadi 69,645. Mwaka 2021 yakawa 81,272, mwaka 2022 yakafika 88,083, na 2023 yakapanda hadi 104,842. Redio zikisoma tarakimu ya mwisho, baraza zima linaitikia: si tulisema?

Tuitazame 2020 kwanza. Je, tulikuwa wema zaidi mwaka ule? Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi, na jioni ile ile pale feri ya Likoni watu waliokuwa wakikimbilia nyumbani walipigwa virungu na kurushiwa vitoza machozi. Aprili tukafungiwa, hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, na Mei ikawa zamu ya Mji wa Kale kuzingirwa. Baa zilifungwa, barabara zilikuwa tupu usiku, na wizi wa njiani lazima ungepungua. Lakini niambieni, mwanamke aliyepigwa na mumewe saa nne ya usiku miezi ile angefikaje kituoni, na barabarani wako maafisa wenye virungu? Makosa ya namna hiyo hayakuingia katika zile 69,645.

Takwimu hizi zinahesabu kilichoandikwa kituoni. Pikipiki yenye bima ikiibwa itaripotiwa, kwa sababu kampuni ya bima inataka hati ya polisi. Kijana akinyang'anywa simu ya elfu nane Bamburi haendi popote. Mtoto akiharibiwa na mjomba, familia humaliza kwa kikao. Makosa ya dawa za kulevya ndiyo ya ajabu zaidi: yanahesabiwa polisi wanapokwenda kuyatafuta. Msako ukifanywa leo, makosa ya bangi yatapanda kesho, na wavutaji ni wale wale wa jana.

Ndiyo maana sifurahii tarakimu kwa kuwa zimeshuka tu. Kituo kikiwa na dawati la jinsia lenye afisa anayesikiliza, malalamiko huongezeka, na hiyo ni heri. Kituo kinachoogopwa kitakuwa na daftari safi.

Tena tarakimu tupu bila idadi ya watu haituambii mengi. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya yale makosa 93,411 ya mwaka ule, utapata kama 196 kwa kila watu 100,000. Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333, kwa hiyo kuilinganisha na kaunti ndogo kwa jumla ya makosa peke yake ni kuionea.

"Gavana anatuangalia tu tukikatwa panga"

Polisi wako chini ya Inspekta Jenerali na serikali kuu. Gavana hawezi kumwamuru mkuu wa kituo cha Nyali atoe doria, na askari wa kanjo, walio wa kaunti, si polisi. Lakini asijifiche humo. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inaunda mamlaka ya ulinzi katika kila kaunti, na mwenyekiti wake ni gavana au mtu aliyemteua. Hapo ndipo pa kumbana.

Na hao wa panga, wengine ni watoto. Tangu Sheria ya Watoto ya 2022 mtoto aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai. Zamani ilikuwa miaka 8.

"Jela, usiku na mchana ni siku mbili"

Hapana. Siku ni siku. Kilichozaa imani hii ni msamaha wa theluthi moja ulio katika Sheria ya Magereza: mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja, akifanya kazi na kuwa na nidhamu, anaweza kupunguziwa theluthi. Wa miaka 9 hutoka baada ya 6. Wa maisha hana theluthi. Nimeona familia zikipiga hesabu ya usiku na mchana, zikaandaa mapokezi, mtu asitoke.

"Polisi wamempiga risasi, basi alikuwa jambazi"

Maiti haina nafasi ya kujitetea, ndiyo maana sheria inawataka polisi waripoti kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, kila risasi yao iliyoua au kujeruhi vibaya. IPOA ina ofisi hapa Mombasa, na malalamiko yanapokelewa bila malipo. Watu husema hakuna afisa atakayefungwa. Agosti 2014, huko Kinango, Kwale, msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi ndani ya nyumba, na polisi wakasema aliwavamia kwa panga. Kesi ilisikizwa Mahakama Kuu ya Mombasa. Februari 2016 maafisa wawili walihukumiwa miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia, na ikawa hukumu ya kwanza kutokana na uchunguzi wa IPOA. Ilianzia kwa familia ya kijijini iliyokataa kunyamaza.

"Akiingia jela si raia tena"

Hili niliwahi kulisema mbele ya mzee mmoja aliyekaa Shimo la Tewa miaka mingi, akanirekebisha kwa upole. Mwaka 2010 nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa kura ya maoni, wafungwa walikuwa hawapigi kura. Waliokwenda mahakamani kulipinga hilo walikuwa watu wa Shimo la Tewa, na Juni mahakama iliyokuwa ikishughulikia migogoro ya katiba ikawapa haki yao. Mwaka 2017 wafungwa wakamchagua rais pia.

Tarehe 4 Agosti 2010 masanduku ya kura yaliingizwa magerezani, na walichokuwa wakikipigia kura ni Katiba hii yenye Kifungu cha 49. Mzee yule anakikumbuka kwa moyo. Mimi hukisoma kwenye karatasi.